Itilima, Hans Cory na Elimu ya Watu

Mtu wa Lagangabilili akiulizwa kabila lake hujibu, bila ya kufikiri sana, kwamba yeye ni Msukuma. Jibu hilo ni sahihi, lakini lina fumbo ndani yake. Katika lugha yake "sukuma" ni upande wa kaskazini, kama "dakama" ulivyo upande wa kusini, "kiya" mashariki na "ng'weli" magharibi. Basi Msukuma ni mtu wa kaskazini; na kaskazini ya nani? Ya jirani zake wa kusini, ambao yeye naye huwaita Badakama. Neno lililokuwa la kuonyesha upande likageuka kuwa jina la kabila, likaandikwa katika vitabu vya serikali, na watu wa Itilima, ambao kwa wenzao wa magharibi ni watu wa kiya, wakaingizwa humo pamoja na wengine.

Kuuliza jina la watu limetoka wapi, na nani aliyelitoa, ni kazi ya anthropolojia, yaani elimu ya watu. Wataalamu wa elimu hii, hasa wa Marekani, wameigawa matawi manne. Moja huchungua mwili wa mwanadamu na asili yake. Kwa tawi hili msomaji wa Itilima hana haja ya kwenda mbali: mashariki yake, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, ndiko Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na kusini ya hapo ni Laetoli, penye nyayo za miguu za miaka milioni 3.6. Tawi la pili, akiolojia, hufukua vyombo na makao ya waliopita. La tatu hupima lugha. La nne, linalohusu mila na jamii, ndilo lililoacha alama nzito zaidi Usukumani.

Alama hiyo iliachwa hasa na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner. Serikali ya Tanganyika ilimfanya mtaalamu wake wa mambo ya jamii, na mwaka 1953 kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilichapishwa kwa Kiingereza. Wakati huo Itilima ilikuwa utemi katika wilaya ya Maswa. Cory aliyaona mambo ambayo mpita njia asingeyaona. Watoto wa ndoa iliyolipiwa mahari walikuwa wa upande wa baba. Mahari isipolipwa, walikuwa wa upande wa mama. Na utemi wenyewe, ambao wageni waliufikiria kuwa ni mali ya baba na mwana, zamani ulirithiwa na mtoto wa dada wa mtemi. Kwa hiyo dhana ya "ukoo", ambayo wanafunzi huifafanua kwa mstari mmoja, Usukumani ilikuwa na njia mbili, na ng'ombe ndio walioamua mtoto apite ipi.

Hapana budi kumsifu Cory kwa bidii yake. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali, na serikali haikutaka maelezo tu. Ilitaka kanuni zenye namba, ambazo hakimu angeweza kuzisoma barazani. Desturi iliyokuwa ikijadiliwa na wazee kila shauri lilipotokea, ikipindwa kidogo huku na kulegezwa kidogo kule, ilipoandikwa ilikauka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Baada ya Uhuru kazi hiyo haikutupwa. Cory mwenyewe alishiriki katika kuunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Alifariki mwaka 1962, na mwaka 1963 ikatangazwa Amri ya Sheria za Mila. Mwaka huohuo watemi waliondolewa, amri ikabaki. Ndani yake iliwekwa kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Huenda mzee aliyeulizwa alieleza kweli yaliyotendeka kwake, katika nyumba yenye ng'ombe wengi na ndugu wa kutosha kumtunza mjane. Mambo hayo kanuni haikuyachukua; ilichukua katazo peke yake.

Wajane wawili wa Kitanzania waliipeleka kanuni hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba inabagua, lakini ikakataa kuifuta, kwa hoja kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa amri ya mahakama. Hoja hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa mila zilizokuwa mbele ya mahakama zilikuwa zimekwisha kubadilishwa kwa amri ya serikali. Wajane wakaendelea mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayohusika na haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao.