Ungwana na Mikarafuu: Wenye Mashamba wa Unguja katika Nusu ya Kwanza ya Karne ya 19

Neno muungwana humtaja mtu huru, mwenye hadhi na adabu. Kinyume chake ni mtumwa. Makala haya yanahoji kwamba maana hizo mbili hazitengani katika historia ya mashamba ya Unguja.

Saleh bin Haramil al-Abray, mmoja wa waliotangulia kupanda mikarafuu kisiwani, alianza kabla ya 1820. Baadaye mashamba yake yalitwaliwa na Sayyid Said bin Sultan. Milki ya shamba, basi, haikuwa kinga mbele ya mtawala. Mkataba wa 1822 nao ulipiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa. Wengi wakaishia kufanya kazi katika mashamba ya Unguja na Pemba.

Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na vikonyo huchumwa kwa mkono kabla maua hayajachanua. Wakati wa kusubiri, wamiliki wengi walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mashamba rehani. Mavuno yalipofurika, bei ilianguka, lakini deni halikupungua.

Hata hivyo, mwenye shamba aliyefilisika alibaki muungwana. Mtumwa aliyefyeka msitu, akapanda na kuchuma, alipewa kijishamba cha kujilimia muhogo, bila hati wala jina katika kumbukumbu. Kuandika historia ya ungwana huo pasipo kumtaja yeye ni kusifu kivuli na kuusahau mti.