Mazal tov: nyota njema juu ya pete ya arusi

Mwaka 1998, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba katika mji wa Erfurt, Ujerumani, walikuta hazina iliyofichwa chini ya ukuta: maelfu ya sarafu za fedha, vyombo, vito, na pete ya arusi ya dhahabu. Juu ya pete hiyo kumejengwa kijumba kidogo, na kwenye paa lake yamechorwa maneno mawili kwa herufi za Kiebrania: mazal tov. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Machi 1349, tauni ilipokuwa ikiitisha Ulaya, Wayahudi wa Erfurt waliuawa. Pete nyingine yenye maneno hayohayo ilikutwa mwaka 1863 ndani ya ukuta wa nyumba mjini Colmar, Ufaransa, nayo ni ya karne hiyohiyo ya 14.

Siku hizi mazal tov ni hongera tu. Asili yake, hata hivyo, iko angani. Katika Kiebrania cha kale mazal ni buruji, kundi la nyota. Tov ni njema. Sisi tunaosema fulani ana nyota njema hatuhitaji maelezo zaidi.

Ajabu ni kwamba dini ya Kiyahudi yenyewe ilizikataa nyota. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinaeleza jinsi mfalme Yosia alivyowaondoa makuhani waliozifukizia uvumba. Karne nyingi baadaye, wanazuoni wa Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi, walikuwa bado wanabishana. Rabi Hanina alishikilia kuwa nyota ndiyo impayo mtu hekima na utajiri. Rabi Yohanan akajibu kuwa Israeli haitawaliwi na nyota.

Katika mjadala huo kuna kisa cha binti wa Rabi Akiva. Wanajimu walikuwa wametabiri kwamba siku ya arusi yake angeumwa na nyoka na kufa. Usiku ule alivua pini yake akaichomeka ukutani. Asubuhi alipoichomoa, nyoka akaja nayo, amekufa, imempenya jichoni. Baba akamuuliza, umefanya nini? Akasema jioni maskini alibisha hodi, watu wote wameshughulika na karamu, naye akampa chakula chake. Kwa maoni yangu, kisa hicho kinamjibu Rabi Hanina vizuri kuliko hoja yoyote.

Watu hawakungoja wanazuoni wamalize. Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliyatamka mazl tov kwa Kiyidi, wakahamia nayo Marekani. Asiye na bahati wakamwita shlimazl. Wafanyabiashara wa almasi wa Antwerp na New York, wakiwemo Wahindi wasio Wayahudi, hufunga biashara kwa kupeana mikono na kusema mazal u-bracha, bahati na baraka. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Ukialikwa arusi ya Kiyahudi, subiri bwana arusi avunje bilauri kwa mguu, ndipo useme mazal tov. Mjamzito usimwambie hivyo kabla hajajifungua. Yeye huambiwa beshaa tova: iwe kwa saa njema.