Lebo Zilidanganya Kitambo

Wasee, mwezi uliopita nilinunua mafuta ya nywele sokoni hapa Migori. Lebo: inaponya mashilingi, mba na upara. Ngozi ya kichwa ikachubuka. Binamu yangu wa Homa Bay alinunua hiyo hiyo, na saa hii havui kofia hata kanisani.

Nikaanza kuchimba historia. Marekani walitunga sheria ya vyakula na dawa 1906. Chupa ikisema inatibu mba, hiyo ni dawa, na lebo ya uongo ni kosa. Lakini 1911 Mahakama ya Juu ikaamua sheria inakataza uongo kuhusu viungo tu, si kuhusu kuponya. Yaani danganya vile unataka! Bunge likarekebisha 1912, ila serikali ilibidi ithibitishe muuzaji alikusudia kulaghai. Akisema "mimi niliamini", kesi inakuwa ngumu.

Vipodozi navyo havikuguswa kabisa. Mapema miaka ya 1930 kulikuwa na krimu ya kutoa nywele za usoni, Koremlu, yenye thaliamu, ile sumu ya panya. Wanawake wakapoteza nywele za kichwa, wengine wakapooza miguu. Dawa ya mba ingeshikwa, hii sumu ikapita. Vipodozi viliingia kwenye sheria 1938.

Kenya tuna Sura ya 254, sheria ya 1965. Inataja vipodozi, inakataza lebo ya uongo. Chupa yangu haina jina la kiwanda wala viungo. Kesho naipeleka kwa afisa wa afya ya umma. Yako imeandikwa nini?