Kufuli na Mwizi wa Wimbo

Msomaji, mbuzi akiibwa zizi hubaki tupu, na mwenye mbuzi hujua asubuhi kwamba ameibiwa. Wimbo hauibwi hivyo. Mtu aweza kuuchukua pasipo kumpunguzia mwenyewe hata sauti moja. Wimbo hubaki pale pale ulipokuwa, na huku umekwisha kufika katika nyumba elfu. Kinachopungua ni ujira wa aliyeutunga. Kwa sababu hiyo wako watu wasiouona wizi huu kuwa ni wizi, na wako wengine walioamini kwamba dawa yake ni kufuli. Natutazame jinsi kufuli na mwizi walivyoshindana katika biashara ya muziki, kisha upime mwenyewe ni nani aliyeshinda.

Kabla ya kufuli ilikuwako sheria. Mwaka wa 1710 Uingereza ilianza kuitumia sheria iliyompa mtunzi wa kitabu kipya haki ya kukipiga chapa peke yake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine ikiwa angali hai. Sheria ya namna hii ilifaa kwa muda mrefu kwa kuwa kunakili kulikuwa kazi ya jasho. Mwizi wa kitabu alihitaji mtambo, karatasi, wino na wafanyakazi, na mwenye mtambo hafichiki. Hata kaseti zilipoenea, kila nakala ilikuwa hafifu kuliko ile iliyoizaa.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1982, diski za muziki zilipoanza kuuzwa huko Japani. Katika diski hizo, zilizobuniwa na Philips na Sony, sauti imeandikwa kwa tarakimu, vipimo 44,100 katika kila sekunde. Tarakimu zikinakiliwa sawasawa, nakala haitofautiani na asili yake hata kidogo. Diski hazikutiwa kufuli lolote, maana siku zile kompyuta ya nyumbani haikuwa na nafasi ya kubeba mzigo huo. Baadaye wataalamu wa Ujerumani walishiriki kubuni njia iitwayo MP3, inayoupunguza wimbo hadi karibu sehemu moja ya kumi. Mwezi wa Juni 1999, kijana mmoja wa Marekani, Shawn Fanning, akatoa programu iliyoitwa Napster, iliyowawezesha watu wasiojuana kupeana nyimbo kwa intaneti bila malipo. Kampuni za muziki ziliishitaki Napster kabla ya mwaka ule kwisha, na mwezi wa Julai 2001 ikazimwa. Walakini zilikuwa zimekwisha kuzuka nyingine, na baadhi yake hazikuwa hata na kituo kimoja ambacho hakimu angeweza kukifunga.

Ndipo kampuni zikategemea makufuli, yaani programu zinazoizuia kompyuta kunakili. Kufuli lilipewa na mlinzi. Mikataba iliyofanywa Geneva mwezi wa Desemba 1996 ilizitaka nchi zikataze kuvunja makufuli hayo. Marekani ilitunga sheria yake mwaka wa 1998, na Kenya yetu iliweka katazo kama hilo katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001.

Yatupasa kuwasikiliza kwa haki waliolitetea kufuli. Walisema hivi: Kurekodi wimbo kuna gharama. Mpiga gitaa, fundi wa mitambo na mwenye chumba cha kurekodia hawali sifa. Kama wimbo waweza kupatikana bure mara tu unapotoka, ni nani atakayelipia wimbo wa pili? Kufuli, hata likiwa dhaifu, humkumbusha mtu mwema mpaka wake. Kwani mlango wa nyumba nao huvunjika, na hakuna auachaye wazi kwa sababu hiyo. Hoja hii si ya kudharauliwa.

Wapinzani wao walijibu kwamba mfano wa nyumba haufai. Afungaye nyumba yake hubaki na ufunguo mfukoni, lakini auzaye wimbo hana budi kumpa mnunuzi kufuli na ufunguo pamoja, la sivyo mnunuzi hatausikia wimbo. Ufunguo hufichwa ndani ya chombo, na kilichofichwa hutafutwa. Tena si lazima wezi wote wawe na akili. Akipatikana mmoja wa kulifungua kufuli mara moja tu, nakala aliyoitoa huzunguka dunia nzima, na wengine hawahitaji kufungua chochote. Mwaka wa 1999 kufuli la diski za filamu lilifunguliwa, na mmoja wa waliohusika alikuwa kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen. Mahakama ya Oslo ilimwachilia mwaka wa 2003, kwa kuwa filamu alizozifungua alikuwa amezinunua. Mwaka wa 2002 ilijulikana kwamba baadhi ya makufuli ya diski za muziki yaliweza kushindwa kwa kupaka wino wa kalamu nene pembezoni mwa diski.

Hata hivyo, ubaya wa kufuli ulidhihirika zaidi mwaka wa 2005. Kampuni ya Sony BMG ilikuwa imeuza diski zilizotiwa programu ya ulinzi. Mnunuzi alipoitia diski katika kompyuta, programu ile iliingia na kujificha ndani kabisa, hata mwenye kompyuta asiweze kuiona. Tarehe 31 Oktoba mtaalamu Mark Russinovich alitangaza kwamba ameigundua katika kompyuta yake mwenyewe, baada ya kununua diski kwa fedha zake. Haukupita muda, waovu walitengeneza virusi vilivyojificha katika maficho yale yale. Mwezi wa Novemba kampuni ikaziondoa diski hizo madukani, na kesi zikafuata. Sasa fikiri, msomaji: aliyeuchukua wimbo ule bure katika intaneti hakudhurika na programu ile; aliyedhurika ni yule aliyekwenda dukani akalipa. Kufuli lilimpita mwizi likamfunga mteja.

Mwezi wa Februari 2007 Steve Jobs wa kampuni ya Apple, aliyekuwa akiuza nyimbo zenye kufuli tangu 2003, aliandika barua ya wazi akitaka makufuli yaondolewe. Alionyesha kwamba katika mwaka wa 2006 maduka ya intaneti yaliuza nyimbo zenye kufuli pungufu ya bilioni 2, hali kampuni za muziki zenyewe ziliuza zaidi ya bilioni 20 katika diski zisizo na kufuli. Yaani dirisha lilifungwa kwa komeo na ukuta mzima ulikuwa wazi. Mwezi wa Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba kampuni zote kubwa zimekubali kuuza nyimbo bila kufuli katika duka lake.

Je, wizi ulizidi? Mapato ya muziki duniani, yaliyokuwa yakishuka tangu 1999 pamoja na makufuli yote, yalianza kupanda tena mwaka wa 2015. Hayakuinuliwa na kufuli jipya la diski. Yaliinuliwa zaidi na huduma kama Spotify, iliyofunguliwa mwaka wa 2008, ambamo msikilizaji hulipa kidogo kila mwezi, au husikiliza matangazo, akapata nyimbo nyingi mno. Njia ya halali ilikuwa nyepesi kuliko njia ya wizi.

Nitakuwa mdanganyifu nikisema kwamba kufuli lilikufa. Limo ndani ya huduma hizo hizo, na hapo lina maana, kwa sababu mwenye kulipa kwa mwezi amekodi, hakununua. Hatari huja pale mtu anapoambiwa amenunua kumbe amekodi. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell, kimoja kikiwa kile tunachokijua kwa jina la Shamba la Wanyama, kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia. Aliyevitoa hakuwa na haki navyo. Kampuni ilirudisha fedha na kuomba radhi. Lakini hakuna muuza vitabu wa zamani aliyeweza kuingia nyumbani mwako usiku akachukua kitabu rafuni.

Msomaji, historia hii isikupe kiburi cha kusema kwamba kwa kuwa kufuli ni dhaifu, basi kuchukua ni halali. Udhaifu wa kufuli haufuti deni. Wimbo unaoupitisha kutoka simu hadi simu darasani una mtu aliyeukeshea, naye ana karo ya kulipa kama mzazi wako. Muuzaji naye asijidanganye kwamba programu itamfundisha mtu uaminifu. Sheria ya haki, bei inayofikika na njia iliyo rahisi zimemlipa msanii kuliko kufuli. Na pale ambapo hakuna jicho linaloona, hubaki dhamiri yako peke yake.