Mzimu Uwanjani: Historia ya Mpinzani Aliyekwisha Kutolewa

Mashindano yanayopambanisha watu wawili wawili hutegemea hesabu ya shufwa, yaani idadi inayogawanyika kwa mbili bila kubakiza, na mara mshindani mmoja anapotolewa, akajitoa au akashindwa kufika, hesabu hiyo hugeuka witiri na mtu mmoja hubaki hana wa kupambana naye. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi imetibiwa kwa namna nyingi, lakini swali lililo ndani yake ni lile lile tangu karne ya 19: ni nani anayenufaika na aliyeondoka, na kwa kiasi gani?

Katika vibaraza vya Chuno, mojawapo ya kata za Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kama ilivyo katika mwambao wote wa Waswahili, swali hilo hujibiwa kwa desturi ya zamu. Kwenye bao, na vilevile kwenye drafti inayochezwa kwa visoda, anayefungwa huinuka na kumpisha anayengoja, naye mshindi hukaa hapo hapo mpaka apatikane wa kumwinua. Aliyeinuka hana tena neno katika mchezo unaofuata; akitaka kurudi, hurudi kama mtu mpya, mwishoni mwa foleni, kete zikiwa zimepangwa upya. Utaratibu huu una busara kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu haumruhusu mtu yeyote kuvuna kutokana na udhaifu wa asiyekuwepo.

Ligi, yaani mashindano ambamo kila mmoja hukutana na kila mmoja na matokeo yote hujumlishwa, haiwezi kufuata desturi hiyo, kwa kuwa ndani yake matokeo ya jana hayafi. Mchezo wa sataranji ndio uliolihangaikia jambo hili mapema. Mashindano ya London ya mwaka 1851 yaliendeshwa kwa mtoano uliopangwa kwa kura, na kura hiyo ikawakutanisha Anderssen na Kieseritzky, wawili kati ya mabingwa wakubwa wa zama hizo, katika raundi ya kwanza kabisa. Kufikia mwaka 1862, katika mji huo huo, mtoano ulikuwa umeachwa na ligi ikashika nafasi yake. Mwaka 1886 Richard Schurig alitunga majedwali ya kupanga raundi, ambayo leo hujulikana zaidi kwa jina la Johann Berger aliyeyaeneza, na ndani yake idadi ya witiri huponywa kwa kuongeza mchezaji wa kubuni: anayepangiwa naye hupumzika siku hiyo. Haki ya mpango huo iko wazi, maana kila mshindani hukutana na yule asiyekuwepo mara moja tu. Mfumo wa Kiswisi, uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895, ambao huwapambanisha wenye pointi zinazokaribiana bila kulazimisha wote wakutane, nao una kanuni kwamba anayepita bila kupingwa asipite hivyo tena.

Ugumu halisi huanza pale mshindani anapotoweka mashindano yakiwa katikati, na mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea katika ardhi ya Afrika, mjini Sousse, Tunisia, mwaka 1967, katika mashindano ya kuwachuja watakaowania ubingwa wa dunia wa sataranji. Bobby Fischer wa Marekani alikuwa akiongoza. Katika michezo 10 alikuwa ameshinda saba na kutoka sare mitatu, kisha, baada ya mgogoro na waandaaji kuhusu ratiba, akajitoa. Kwa kuwa hakuwa amefikisha nusu ya michezo yake, matokeo yake yote yalifutwa. Waliotoka naye sare wakapoteza nusu pointi waliyoipata kwa jasho, ilhali aliowafunga waliondolewa kipigo chao. Miongoni mwa aliowafunga walikuwamo Samuel Reshevsky na Leonid Stein, na wote wawili walimaliza wakiwa sawa na Vlastimil Hort katika nafasi ya sita, iliyokuwa ya mwisho ya kufuzu, hata ikabidi watatu hao wacheze tena mwaka 1968, na Reshevsky ndiye aliyepita. Kufuta kulikuwa ukatili, lakini ndiko kulikokuwa na haki zaidi: kama matokeo yangeachwa, waliokutana na Fischer mapema wangebaki na vipigo vyao, na ambao hawajakutana naye wangejaziwa pointi nzima bila kusogeza kete.

Soka la Tanzania lina msemo wake kwa pointi za namna hiyo: ushindi wa mezani, ambapo timu iliyofika uwanjani hupewa pointi tatu na mabao matatu. Mabao hayo matatu si kitu kidogo pale timu mbili zinapolingana pointi na kutenganishwa kwa tofauti ya mabao. Mtwara iliijua hesabu hiyo kwa karibu katika misimu ambayo Ndanda ilicheza Ligi Kuu, kuanzia 2014/15 hadi iliposhuka daraja mwishoni mwa 2019/20, ikitumia uwanja wa Nangwanda Sijaona. Msimu huo wa mwisho ligi ilikuwa na timu 20 na kila moja ilicheza mechi 38. Ni vema pia kukumbuka kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilipitia pantoni ya Ndundu kwenye mto Rufiji, na masika yalipokolea timu kutofika Mtwara hakukuwa uzembe.

Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2010 lilionyesha upande mwingine wa jambo hili. Basi la Togo liliposhambuliwa kwa risasi Cabinda tarehe 8 Januari, watu wakauawa, timu ilirudi nyumbani na Kundi B likabaki na Ivory Coast, Ghana na Burkina Faso. Kila timu ilipata siku moja ya kukaa nje, kwa hiyo kwa idadi walikuwa sawa. Kwa wakati hawakuwa sawa, maana Ivory Coast ilimaliza mechi zake tarehe 15, na Burkina Faso ikaingia uwanjani tarehe 19 ikijua kwamba sare inaitosha. Ghana ilishinda 1–0.

Mzimu huo wa mpinzani aliyekwisha kutolewa umehamia pia kwenye michezo ya simu na kompyuta. Mwaka 2019 kampuni ya Drodo ya China ilitoa Auto Chess, iliyojengwa ndani ya mchezo wa Dota 2, ikazaa aina ya michezo ambamo washindani wanane hununua na kupanga askari, kisha majeshi hupigana yenyewe bila kuguswa. Katika Auto Chess kila mchezaji alipigana na nakala ya jeshi la mwenzake, kwa hiyo witiri haukusumbua. Teamfight Tactics, iliyotoka Juni mwaka huo, hupambanisha walio hai ana kwa ana, na anayebaki peke yake hupewa nakala ya jeshi la mchezaji aliye hai. Hearthstone Battlegrounds, ya Novemba, ilichagua njia ya tatu: Kel'Thuzad, mchawi wa wafu, huvaa jeshi la mchezaji aliyetolewa karibuni, kama mchezaji wa mapiko wa Kimakonde avaavyo sura ya marehemu, akacheza kwa miguu ambayo si ya marehemu huyo.

Jeshi la mzimu halikui. Walio hai huongeza askari kila raundi, nalo hubaki jinsi lilivyokufa, hivyo anayelikuta raundi mbili baada ya kifo hupata kazi nyepesi kuliko aliyelikuta mara moja. Tena kulishinda hakumpunguzii mpinzani yeyote uhai, ilhali kufungwa nalo humuumiza aliyefungwa kama kawaida. Wanapobaki watatu, wawili huumizana huku wa tatu akipambana na mzimu, na zingehitajika raundi tatu kamili ili kila mmoja apate zamu yake ya kupambana na mzimu huo, lakini mara nyingi mmoja wao huwa ameshatoka kabla ya raundi ya tatu.