Chumba shoka: bawa linavyomtambulisha mbung'o

Mtego wa mbung'o haunasi mbung'o peke yake. Kitambaa chake cha buluu na cheusi huvuta pia pange na nzi wa mazizini, na mfuko ukifunguliwa baada ya jua kali, waliomo wamekauka, miguu imenyofoka, vichwa vimeng'oka. Rangi hapo haisaidii sana. Wengi ni kahawia au kijivu. Mkonga uliochomoza mbele nao hudanganya, kwa kuwa nzi wa mazizini, Stomoxys, anao vilevile. Kichwa kikiwa kizima, tazama singa ya kipapasio: ya mbung'o ina vinyweleo upande wa juu tu, na vinyweleo vyenyewe vina matawi.

Kichwa kikikosekana, bawa moja linatosha. Liweke juu ya karatasi nyeupe, ulikague kwa lenzi. Katikati, baina ya mshipa wa 4 na wa 5, kuna eneo lililofungwa pande zote: jembamba upande wa shina la bawa, kisha linapinda na kupanuka kuelekea nchani. Ni shoka hasa, mpini na ubapa wake. Nzi mwingine mwenye umbo hilo hakuna. Ukiliona, huyo ni mbung'o, Glossina.

Wengi wangeliita eneo hilo "seli shoka". Siafiki. Mwanafunzi wa sekondari akisikia seli anawaza kiini na ukuta wake, ilhali hapa kuna utando mkavu tu uliozungushiwa mishipa. Robert Hooke alipoliingiza neno hilo katika sayansi mwaka 1665, akieleza vitundu alivyoviona kwenye kizibo, aliliazima kutoka maana yake ya kale: chumba kidogo. Wataalamu wa wadudu, wanapolitumia kwa bawa, wamebaki na maana hiyo ya kale. Basi nasi tuseme chumba. "Chumba cha shoka" kinasikika kama stoo ya zana, kwa hiyo nachagua chumba shoka, kwa muundo ule ule wa bata mzinga na askari kanzu.

Chumba shoka kinataja jenasi, spishi hakitaji. Kwa spishi, shuka miguuni. Katika mbuga za Serengeti wamo Glossina pallidipes na Glossina swynnertoni. Wa kwanza, pingili mbili za mwisho za nyayo za mbele na za kati hazina weusi nchani, na jina lake la Kilatini ndivyo lisemavyo: mwenye miguu iliyopauka. Wa pili ana weusi huo. Yeye amepewa jina la Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Miguu ikiwa haipo na mdudu ni dume, hukaguliwa koleo za uzazi zilizo mwisho wa fumbatio, na hiyo ni kazi ya darubini, ya mtu asiye na haraka.

Wanaoandaa vitabu vya mifugo na kamusi za elimuviumbe nawaomba waandike chumba shoka, na mchoro wa bawa uwe pembeni yake. Na wewe unayekusanya mitego, usikung'ute mfuko ovyo: mabawa yaliyokatika yatie kwenye bahasha kavu, uandike mahali na tarehe.