Hesabu ya Mirusho

Kurusha ni miongoni mwa matendo ya kwanza ambayo mkono wa mwanadamu hujifunza. Mtoto mdogo hurusha kijiti, kisha jiwe, kisha mpira. Katika mtaa wa Tena, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kama katika mitaa mingine ya Eastlands, watoto hucheza mchezo uitwao kati: wawili husimama kwenye ncha mbili wakirushiana mpira, na mwenzao aliye katikati hukwepa asiguswe. Mkono ukichoka, mtoto humwachia mwenzake nafasi, au mama huita, au giza huingia, na mchezo huisha. Hakuna anayehesabu mirusho, wala hapana haja ya kuhesabu, maana uchovu wenyewe ndio mwamuzi.

Lakini mwamuzi huyo aweza kunyamazishwa. Mchezo ukipata kikombe cha kushindaniwa, ukapata watazamaji wanaoshangilia na wazazi wenye matumaini makubwa, mtoto huendelea kurusha hata baada ya mkono wake kuomba kupumzika. Wahenga walisema kwamba bandu bandu huisha gogo. Insha hii yasimulia jinsi watu walivyoyagundua madhara hayo katika mchezo wa besiboli, jinsi walivyochelewa kuyazuia, na jinsi kinga waliyoipata ilivyokuwa kitu ambacho kila mwanafunzi anacho, yaani hesabu.

Besiboli ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 9 kila upande. Katikati ya uwanja husimama mrushaji, naye humrushia mpira mdogo mgumu mpigaji wa timu ya pili aliyeshika gongo. Mpigaji hujaribu kuupiga mpira huo na kukimbia; mrushaji hujaribu kumpita kwa kasi au kwa werevu. Wachezaji wengine waweza kusimama kwa muda mrefu bila kuguswa na mpira, bali mrushaji hana nafuu hiyo, kwa kuwa kila tendo la mchezo huanzia mkononi mwake. Ndiyo sababu timu yenye mrushaji mmoja hodari hutamani asiondoke uwanjani, na ndiyo sababu mkono wake ndio huumia kabla ya mikono ya wenzake.

Yafaa kujua jinsi mkono unavyoumia. Mrushaji anapovuta mkono nyuma na kuutupa mbele kwa nguvu, kiwiko hupinda kana kwamba kinataka kufunguka kwa upande wa ndani. Upande huo umeshikwa na ukano mfupi unaounganisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini. Kwa mtu mzima ukano huo ndio hukatika. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Karibu na ncha za mifupa yake mna tabaka za gegedu ambamo urefu wa mfupa huongezeka, nazo hazigeuki kuwa mfupa mgumu mpaka ujana unapokaribia mwisho. Gegedu hiyo ni dhaifu kuliko ukano ulioshikamana na mfupa. Kwa hiyo nguvu zinazomkatia mtu mzima ukano humvutia mtoto kipande cha mfupa unaokua, na jeraha la namna hiyo laweza kuupotosha mkono kwa maisha yote. Tena jeraha hili aghalabu halitokani na mrusho mmoja mbaya. Hutokana na mirusho mingi iliyo mizuri, iliyofuatana bila mwili kupewa siku za kujirekebisha.

Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Carl Stotz alianzisha mashindano ya besiboli kwa watoto. Chama hicho kiliitwa Little League, yaani Ligi Ndogo, nacho kilienea upesi. Haukupita muda mrefu kabla madaktari hawajaanza kuona wagonjwa wa aina mpya. Mwaka 1953 palielezwa katika maandishi ya kitabibu jeraha la bega la mtoto mrushaji, na mwaka 1960 likaelezwa la kiwiko. Majeraha yote mawili yalipewa jina la Ligi Ndogo yenyewe. Mwaka 1965 daktari Joel Adams wa California alitangaza matokeo ya kuvipiga picha za eksirei viwiko vya wavulana 162. Wengine walikuwa warushaji, wengine walicheza nafasi nyingine, na wengine hawakucheza kabisa. Mabadiliko katika mifupa yalionekana zaidi kwa warushaji.

Msomaji aweza kuuliza: kama jambo hili lilijulikana mwaka 1965, mbona halikukomeshwa? Haikosi kwamba sifa za ushindi zilikuwa tamu kuliko maonyo ya madaktari. Lakini palikuwa na sababu nyingine, nayo ni kipimo kibovu. Kanuni za zamani zilimwekea mtoto mpaka wa zamu. Zamu moja huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Mrushaji mwenye bahati aweza kuimaliza kwa mirusho 8, na asiye na bahati aweza kurusha mara 30 na zaidi katika zamu hiyo hiyo moja. Katika daftari la mwamuzi watoto hao wawili walikuwa sawa. Katika viwiko vyao hawakuwa sawa hata kidogo. Ni kama kupima mzigo wa hamali kwa kuhesabu safari zake bila kuutazama uzito wa magunia.

Kisha likatokea jambo lililoleta faraja na hatari pamoja. Mwaka 1974 Tommy John, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers mwenye umri wa miaka 31, alikatika ukano wa kiwiko chake cha kushoto. Mpaka siku hizo jeraha hilo lilikuwa mwisho wa kazi ya mrushaji. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alitoa ukano katika mkono wa kulia wa mgonjwa wake, akautia mahali pa ule uliokatika. Tommy John alirudi uwanjani mwaka 1976 akaendelea kucheza mpaka mwaka 1989. Upasuaji huo ukaitwa kwa jina lake, nao umewaokoa warushaji wengi. Lakini kwa kuwa dawa ilikuwapo, baadhi ya watu walipunguza hofu ya ugonjwa. Upasuaji uliobuniwa kwa ajili ya watu wazima wanaolipwa ulianza kufanywa kwa wanafunzi wa shule za sekondari, na baadhi ya wazazi walifikia hata kuamini kwamba mkono uliopasuliwa huwa na nguvu kuliko ulioumbwa na Mungu. Imani hiyo si kweli.

Miongoni mwa walioshtushwa na hali hiyo alikuwa daktari James Andrews wa mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, ambaye mwenyewe alikuwa mpasuaji mashuhuri wa viungo vya wanamichezo. Alipoona vijana wakizidi kuletwa mezani pake, yeye na wenzake, akiwamo mtaalamu Glenn Fleisig, walianza kutafuta sababu. Uchunguzi wao wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba vijana waliorusha katika mashindano kwa zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kupasuliwa mara 5 kuliko wenzao, na wale waliozoea kurusha hali mikono imechoka walikuwa na hatari mara 36. Uchunguzi mwingine uliwafuata watoto 481 kwa muda wa miaka 10. Ulipotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliorusha zaidi ya zamu 100 kwa mwaka walikuwa katika hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wengine. Ushahidi ukawa bayana: adui mkubwa wa mkono mchanga alikuwa wingi wa kazi, na uchovu usiosikilizwa.

Mwaka 2007 Ligi Ndogo iliacha kuhesabu zamu, ikaanza kuhesabu mirusho. Mtoto wa miaka 10 au chini yake aliwekewa mpaka wa mirusho 75 kwa siku. Mwenye miaka 11 au 12, mirusho 85. Wa kuanzia 13 mpaka 16, mirusho 95. Na wa 17 au 18, mirusho 105. Pamoja na mipaka hiyo ziliwekwa siku za mapumziko, nazo zimerekebishwa baadaye. Kwa kanuni za sasa mtoto wa miaka 14 au chini yake aliyerusha mara 66 au zaidi kwa siku moja hana ruhusa ya kurusha tena mpaka zipite siku 4. Hata hila ya kumhamisha mrushaji aliyechoka awe mdakaji imezuiliwa, maana mdakaji naye huurudisha mpira kwa mrushaji mchezo mzima. Aliyerusha mara 41 au zaidi haruhusiwi kudaka siku hiyo.

Kwa nini nambari, wala si busara ya mwalimu wa mchezo? Kwa sababu busara hujaribiwa saa ile ile ambayo inahitajiwa sana. Mchezo ukiwa umekaribia mwisho, na timu mbili zikiwa sawa, mwalimu hutaka ushindi, mzazi hutaka sifa, na mtoto mwenyewe, akiulizwa kama anaumwa, hujibu kwamba haumwi. Wote watatu hawasemi hivyo kwa ubaya. Lakini nambari haina mapenzi na timu yoyote, wala haioni haya kumwambia shujaa akae chini.

Ushujaa wenyewe ulileta ubishi mkubwa katika nchi ya Japani, ambako mashindano ya shule za sekondari yanayofanyika katika uwanja wa Koshien hupendwa na taifa zima, na kijana anayerusha mpaka nguvu zimwishie huhesabiwa kuwa mfano wa uvumilivu. Katika mashindano ya kiangazi ya mwaka 2018 mwanafunzi Kosei Yoshida alirusha mara 881. Wengi walimsifu, wengine waliuliza kama wakubwa wana haki ya kufurahia jambo la namna hiyo. Mwaka 2020 shirikisho la besiboli la shule za huko lilianza kutumia mpaka wa mirusho 500 kwa juma. Mpaka huo ungali mkubwa, lakini nchi iliyokuwa haihesabu imeanza kuhesabu.

Historia hii imefika Afrika Mashariki pia. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Poland, ikapata haki ya kwenda kucheza Williamsport katika mashindano ya dunia ya Ligi Ndogo. Haikwenda. Serikali ya Marekani iliwanyima watoto viza kwa sababu hati zao zilionekana kuwa na tofauti katika habari za umri. Mwaka uliofuata watoto wengine wa Uganda, wa kutoka Lugazi, mji wa mashamba ya miwa katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, walishinda kanda hiyo, nao wakasafiri. Mwezi wa Agosti 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano hayo, na kabla ya kurudi waliishinda timu ya Gresham, jimbo la Oregon, kwa 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena Williamsport, safari hii kwa timu ya Kampala.

Watu wengi waliisoma habari ya mwaka 2011 kama habari ya viza. Yafaa isomwe pia kama habari ya mikono. Katika nchi zetu watoto wengi wamezaliwa pasipo kuandikishwa, na si kila kosa la tarehe ni hila. Lakini kanuni ya mirusho imejengwa juu ya umri, na umri usiojulikana huiharibu kwa pande zote mbili. Kijana mkubwa akipunguziwa miaka, huwashinda wadogo isivyo haki. Mdogo akiongezewa miaka ili acheze na wakubwa, hupewa ruhusa ya kurusha kuliko gegedu zake zinavyoweza kustahimili. Cheti cha kuzaliwa, ambacho wengine hukiona kuwa karatasi ya ofisini tu, ni ngao ya kiwiko cha mtoto.

Labda mwanafunzi wa Tena atasema kwamba besiboli si mchezo wa mtaani kwake. Kweli, si rahisi kumkuta mtoto wa huko akitembea na gongo la besiboli. Lakini mkono ni ule ule. Shule zetu zina vijana wanaorusha mkuki na wanaocheza mpira wa mikono, na wapo wanaorusha mpira wa kriketi kwa kasi. Nchini Uingereza hao wa kriketi nao wamewekewa mipaka kwa kufuata umri wao, kwa ajili ya kuilinda migongo yao. Siku za mashindano zinapokaribia, mazoezi huongezwa ghafla, na kijana mwenye kipawa huombwa afanye zaidi ya wenzake. Hapo ndipo gogo huanza kubanduliwa.

Kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi wala mashine. Yahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika idadi ya mirusho ya kila siku. Yahitaji siku za kupumzika zisizovunjwa kwa sababu ya fainali, na miezi kadhaa katika mwaka ambayo mkono huo hupewa kazi nyingine. Yahitaji pia kijana anayejua kwamba kusema "mkono waniuma" si woga, na mwalimu ambaye akiyasikia maneno hayo humtoa uwanjani bila kumfokea. Wamarekani walikuwa na habari ya jeraha hili tangu mwaka 1953, wakaanza kuhesabu mirusho mwaka 2007. Katika miaka hiyo 54 watoto wengi waliumia ilhali kinga ilikuwa karibu. Sisi tunaoanza leo tumekwisha kupewa hesabu hiyo, wala hatuna udhuru wa kuchelewa.